Sura ya Tano: Lori la Dizeli na Asubuhi za Baridi

Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Tunduma, Vwawa na Mlowo huwa na baridi inayowashtua madereva waliotoka Pwani. Miji hiyo ya Mkoa wa Songwe imekaa kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, katika mwinuko unaokaribia au kuzidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kabla jua halijachomoza kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Huo ndio msimu ambao kahawa ya Mbozi huvunwa, mahindi husafirishwa, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka. Ndio pia msimu ambao mafundi wa Tunduma huamshwa alfajiri, kwa sababu lori lililozimwa jana jioni likiwa zima leo linazungushwa stata, linakohoa, linatoa moshi na kunyamaza.

Dereva aliyepakia bandarini Dar es Salaam ameendesha zaidi ya kilomita 900 kwenye barabara ya TANZAM kabla ya kufika mpakani. Amelipandisha lori mlima wa Kitonga, amepita Iringa na Makambako, ameteremka Igawa, kisha amepanda tena Uyole na Mbeya. Njiani injini haikupata nafasi ya kupoa sana. Baridi humkuta akiwa amelala kwenye foleni. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kiliunganisha ukaguzi wa nchi mbili mahali pamoja, lakini lori linalosubiri nyaraka bado huweza kulala mpakani usiku mmoja au zaidi. Hali hiyo humpata pia mwenye lori dogo anayebeba mpunga kutoka Kamsamba: huko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, gari huwaka kwa mguso mmoja, lakini likilala Vwawa linagoma.

Ni rahisi kuilaumu baridi. Hata hivyo, baridi ya Songwe si ile ya nchi zenye theluji, ambako dizeli huganda ndani ya filta na kuwa kama mafuta ya mgando. Katika nyuzi 8 au 10, nta iliyomo kwenye dizeli kwa kawaida haigandi kiasi cha kuziba filta. Lori zima la dizeli linapaswa kuwaka Tunduma mwezi Julai ndani ya sekunde chache, bila dawa ya kupulizia na bila kusukumwa. Lisipowaka, baridi imefichua udhaifu uliokuwepo tayari, ambao joto la Dar es Salaam lilikuwa likiusitiri. Kazi ya fundi ni kuutafuta udhaifu huo kwa mpangilio, akianza na ukaguzi usio na gharama na kuishia na ule wa kufungua injini.

Kwa nini dizeli inategemea joto

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni inapopanda huibana hewa hadi hewa hiyo ipate moto mkali, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi mtu anapojaza upepo. Dizeli hunyunyizwa ndani ya hewa hiyo ya moto na kuwaka yenyewe. Kila kitu kinategemea hewa kufikia joto la kutosha kwa wakati unaotakiwa.

Chukua injini inayoibana hewa hadi ibaki sehemu moja ya kumi na saba ya ujazo wake. Kwa hesabu ya kawaida ya kitaalamu, hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 30, hali ya kawaida Dar es Salaam, mwisho wa mbano hukaribia nyuzi 435. Ikiingia na nyuzi 8, hukaribia nyuzi 385. Upungufu wa nyuzi 22 mwanzoni umekuwa upungufu wa nyuzi 50 mwishoni. Dizeli bado inaweza kuwaka katika joto hilo, ila akiba imepungua. Hesabu hiyo pia inachukulia kwamba pistoni inapanda kwa kasi na hewa haivuji. Stata ikizungusha taratibu, hewa hupata muda wa kupenya kwenye ringi na kugawa joto lake kwa kuta baridi za silinda. Ringi zikiwa zimechoka, hewa nyingine hupotea. Nozeli ikidondosha matone makubwa pale inapotakiwa kutoa ukungu, dizeli huchelewa kuwaka. Kila kasoro inakula sehemu ya akiba, na kasoro mbili ndogo zinaweza kuimaliza.

Mwinuko nao unachangia. Kanieneo ya hewa ya Tunduma ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Pwani. Turbo, ambayo hufidia upungufu huo lori likiwa barabarani, haina msaada wakati wa kuwasha kwa sababu bado hakuna moshi wa kutosha kuizungusha.

Dalili kabla ya spana

Sekunde kumi za kwanza za kuwasha hutoa habari nyingi kuliko saa nzima ya kufungua vifaa ovyo. Dereva akae kwenye usukani, utingo wake au fundi asimame mahali anapoona bomba la moshi, na maswali matatu yajibiwe.

Swali la kwanza ni kasi ya stata. Mlio wake asubuhi ulinganishwe na mlio wake mchana injini ikiwa ya moto. Ikiwa inazunguka kwa uzito na taa za dashibodi zinafifia, tatizo liko kwenye betri, nyaya, stata yenyewe au oili.

Swali la pili ni moshi. Injini ikizunguka kwa kasi nzuri bila moshi wowote kutoka, dizeli haifiki kwenye silinda. Ikitoka moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayawaki: hapo pa kutazama ni hita, nozeli, majira ya pampu au mgandamizo wa silinda.

Swali la tatu ni kinachofuata injini ikishika. Inayowaka kisha ikazima baada ya sekunde chache kwa kawaida imeingia hewa kwenye mfumo wa mafuta au filta yake imeziba. Inayowaka kwa kutikisika, ikatoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili kisha ikatulia, ina silinda moja au zaidi zinazochelewa kushika.

Mvuke wa kawaida usichanganywe na moshi wa mafuta. Asubuhi ya baridi unyevu uliomo kwenye bomba hutoka kama ukungu, haunuki dizeli, na hupotea injini ikipata moto. Mvuke usiokoma, pamoja na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje, huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua au ufa, na lori hilo halipaswi kuendelea na safari.

Injini inapozunguka taratibu

Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24 unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Betri ya asidi hutoa umeme kwa mmenyuko wa kemikali, na mmenyuko huo hupungua kasi katika baridi. Wakati uleule oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu zaidi kutoka kwa betri iliyo dhaifu zaidi.

Kipimo cha kwanza kifanywe asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Kila betri ipimwe peke yake. Iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 au zaidi kidogo, yenye 12.2 imebakiwa na takriban nusu ya chaji. Kisha volti zipimwe wakati stata inazunguka. Betri mbili kwa pamoja zikishuka chini ya volti 19 hivi, ama zimechoka ama hazikuwa na chaji. Betri ambayo mita inaisoma vizuri ikiwa imetulia, kisha inaporomoka stata inapovuta, imekufa ndani hata kama ina miezi michache tangu inunuliwe.

Foleni ya mpakani huzimaliza betri kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusogea. Dereva huwasha injini, husogea mita chache na kuzima, mara nyingi kwa siku. Kila kuwasha kunachota umeme mwingi, na altaneta haipati muda wa kuurudisha. Usiku unapoingia, redio, taa za kabini na chaji za simu humalizia kilichobaki. Ya pili ni redio au kifaa cha volti 12 kilichounganishwa kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo huchotwa peke yake, kisha altaneta inapochaji huipa mwenzake chaji ya kupita kiasi. Baada ya miezi michache moja ina njaa na nyingine imekauka maji. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza umeme kutoka volti 24 hadi 12, kinachochota kwenye betri zote mbili. Kwa sababu hiyohiyo, betri za jozi hubadilishwa pamoja, zikiwa za aina na umri mmoja.

Betri zikiwa nzima na stata bado nzito, fundi umeme afuate nyaya. Terminali zenye ukungu wa kijani au mweupe zifunguliwe, zisuguliwe hadi zing'ae, zikazwe na kupakwa grisi. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi, na ule wa chesisi kwenda kwenye injini, husahauliwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mita iwekwe ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini wakati stata inazunguka: ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu au nati iliyolegea njiani. Baada ya hapo ndipo stata iteremshwe kwa ajili ya kuangalia makaa na bushi zake. Wenye malori wengi huanza na hatua hiyo, wakalipia ukarabati wa stata ambayo haikuwa na kosa.

Oili nayo ina sehemu yake. Oili ya daraja moja, kama SAE 40, ni nzito sana alfajiri ya Julai. Oili ya 15W-40 hubaki nyepesi kwenye baridi na kulinda injini ikipata moto; namba ya mbele, yenye herufi W, ndiyo inayoeleza tabia yake kwenye baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyotiririka kwa urahisi. Mwenye lori aliyezoea kuongeza oili nzito ili kuficha ulaji wa oili wa injini chakavu, atalipia uamuzi huo kila asubuhi ya baridi.

Dizeli isipofika kwenye silinda

Stata inazunguka vizuri na bomba halitoi moshi. Katika malori yenye umri mkubwa, sababu inayoongoza ni hewa iliyoingia kwenye mfumo wa mafuta usiku. Tenki liko chini ya pampu. Kuna valvu ndogo inayoizuia dizeli kurudi tenkini injini ikizimwa. Valvu hiyo ikichafuka, au kiungo kimoja cha bomba la kuvutia mafuta kikilegea, dizeli huteremka polepole hadi tenkini na nafasi yake kuchukuliwa na hewa. Mipira iliyozeeka husinyaa na kuwa migumu baridi inapoingia, ndiyo maana kiungo kisichovuja mchana kinaweza kuvuta hewa alfajiri. Sehemu hiyo ya bomba hunyonya, haisukumi. Kwa hiyo huweza kuingiza hewa bila kudondosha tone moja la dizeli chini.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, pampu ya mkono ibonyezwe. Ikiwa laini kwa muda mrefu kisha ikakaza, na injini ikawaka mara moja, dizeli ilikuwa imerudi tenkini. Ili kupata mahali pa uvujaji, kipande cha mpira unaopitisha mwanga hufungwa kwa muda kwenye bomba la kuingiza mafuta na mapovu huangaliwa injini ikiwa inaunguruma. Kila kiungo hukazwa kwa zamu, kuanzia tenkini kwenda mbele, hadi mapovu yakome. Washa za shaba zilizotumika zibadilishwe na mipira yenye nyufa itolewe. Kama fundi hajafika, lori liegeshwe kichwa kikitazama mteremko, si mlima, ili dizeli isiwe na msukumo mkubwa wa kurudi nyuma.

Filta ya dizeli iliyoziba huanza kuonekana lori likipanda mlima na mzigo, na mwishoni hugoma asubuhi. Filta inayotenganisha maji ina bomba dogo chini yake. Lifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia chini, hadi itoke dizeli safi. Maji hayo mengi hutoka tenkini kwenyewe. Tenki lililoachwa nusu usiku lina hewa yenye unyevu. Chuma kikipoa, unyevu hugeuka matone na kuteremka chini ya dizeli. Kujaza tenki jioni hupunguza nafasi ya hewa hiyo, na usalama wa mafuta kwenye foleni ukiwa mashakani, kumwaga maji kila asubuhi ni jambo la lazima zaidi.

Ubora wa dizeli ni suala linalojitegemea. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulisababisha hasara kubwa kwa wenye magari nchini, na tangu 2010 mafuta yamekuwa yakiwekwa vinasaba ili kuwabaini wachakachuaji. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na mchanganyiko wake huchelewa zaidi kuwaka kwenye silinda baridi. Mafuta yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara hayana wa kuyathibitisha: yanaweza kuwa na maji, mchanga au mafuta ya taa, na nafuu ya bei yake huishia kwa fundi pampu. Lori lililoanza kugoma siku moja baada ya kujazwa mafuta mahali papya lipimwe mafuta kwanza: dizeli kidogo kutoka chini ya tenki iwekwe kwenye chupa safi ya kioo na iachwe itulie. Maji yatajitenga chini, na uchafu utaonekana.

Moshi mweupe: mafuta yapo, moto haupo

Hapa matengenezo huanza kuwa ghali, na mpangilio wa ukaguzi una thamani zaidi.

Hita huangaliwa kwanza. Malori madogo na pikapu nyingi zina plagi za joto, moja kwa kila silinda, zinazopasha chumba cha kuwakia kabla ya stata kuzunguka. Malori makubwa mengi hayana plagi hizo. Baadhi yana hita kwenye njia ya hewa, mengine hayana hita yoyote na hutegemea mgandamizo pekee. Kitabu cha gari kieleze lori husika lina nini kabla fundi hajaanza kutafuta kifaa kisichokuwepo. Pale penye plagi za joto, taa yake ya dashibodi ingojwe izime ndipo stata ipigwe. Plagi hupimwa kwa taa ya majaribio: upande mmoja wa taa kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi iliyoondolewa waya wake. Taa isipowaka, plagi imekatika. Plagi zote zikiwa nzima, fyuzi na rilei yake zikaguliwe.

Kisafisha hewa kilichojaa vumbi kinafuata, kwa kuwa ukaguzi wake hauna gharama. Barabara za vumbi za Momba na Ileje hukijaza haraka wakati wa kiangazi, na injini isiyopata hewa ya kutosha haiwezi kuibana.

Nozeli ni mtuhumiwa mkubwa wa tatu. Nozeli nzuri hupasua dizeli kuwa ukungu. Iliyochoka huitoa kama mkojo mwembamba au kuidondosha hata baada ya kufunga. Injini ikiwa ya moto kasoro hiyo husamehewa. Ikiwa baridi, matone hulowesha kuta za silinda na kutoka nje kama moshi mweupe. Silinda yenye kosa huweza kutambuliwa dakika ya kwanza baada ya kuwaka: bomba la moshi la silinda hiyo kwenye manifoldi hubaki baridi wakati mengine yameanza kuchoma. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, arekebishe shinikizo la kufunguka kwa kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Kusafisha nozeli kwa brashi ya waya ni kuziua.

Majira ya pampu hukaguliwa hasa ikiwa tatizo lilianza baada ya pampu kushushwa na kurudishwa. Pampu inayonyunyiza kwa kuchelewa hutoa moshi mweupe mwingi na kuifanya injini kuwa nzito asubuhi.

Mgandamizo huja mwisho kwa sababu dawa yake ni kufungua injini. Dalili zake huonekana mapema: moshi unaopuliza kwa nguvu ukifungua kifuniko cha kujazia oili, oili inayopungua, moshi wa bluu lori likiwa na mzigo. Kipimo hufanywa kwa geji maalumu ya dizeli kwenye tundu la nozeli au la plagi ya joto. Injini nyingi zenye afya husoma kati ya baa 20 na 30 hivi, kiwango halisi kikiwa kwenye kitabu cha injini. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda iliyo chini sana ikitiwa oili kidogo na kipimo kikapanda, ringi zimeisha. Kisipopanda, valvu hazikai vizuri au gasketi imevuja.

Malori yanayoongozwa na kompyuta

Malori mengi yanayopita Tunduma sasa hunyunyiza dizeli kwa amri ya kompyuta. Misingi ya hewa, joto na mafuta haijabadilika, ila kumeongezeka mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni volti. Kompyuta inahitaji umeme usioyumba. Betri zikiporomoka wakati wa stata, inaweza kujizima na kuifungia injini mafuta ingawa stata bado inazunguka. La pili ni sensa. Sensa ya joto la maji ikiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, hita haitawashwa na kiasi cha dizeli hakitaongezwa. Sensa ya mzunguko wa kranki ikichoka, au ikijaa chembe za chuma, haitoi ishara ya kutosha injini inapozungushwa taratibu. Mashine ya kusoma makosa huokoa muda hapa, mradi fundi athibitishe kwa mita kabla ya kununua sensa mpya.

La tatu ni shinikizo. Kwenye mfumo wenye bomba moja la pamoja linalogawia nozeli zote, kompyuta hairuhusu kunyunyiza hadi shinikizo la bomba hilo lifike kiwango cha chini, ambacho kwa kawaida ni mamia ya baa. Nozeli moja inayorudisha dizeli nyingi tenkini inatosha kulizuia. Kipimo ni kukusanya mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwenye chupa na kulinganisha. Chupa inayojaa haraka kuliko nyingine imemtaja mkosaji. Nati za mabomba ya mfumo huo zisilegezwe kamwe injini ikizunguka, kama ilivyozoeleka kwenye pampu za zamani. Dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumpotezea mtu mkono.

Njia za mkato zinazoua injini na watu

Dawa ya etha inayopulizwa kwenye njia ya hewa huwasha injini nyingi sugu, na hilo ndilo linaloifanya kuwa hatari. Etha huwaka katika joto dogo kuliko dizeli, hivyo hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi huvunjika na konrodi hupinda. Penye plagi za joto au hita ya njia ya hewa, mlipuko unaweza kumrudia aliyeshika kopo. Injini iliyozoeshwa etha huendelea kuchakaa hadi isiwake bila hiyo.

Kuwasha moto wa kuni au makaa chini ya injini au tenki ni hatari kubwa zaidi, hasa kwenye foleni ambamo lori la mbele au la nyuma linaweza kuwa limebeba petroli. Hakuna mzigo wala ratiba inayohalalisha jambo hilo. Maji ya moto yaliyomwagwa juu ya kitambaa kilichofunika filta na pampu ya mkono huleta faida ndogo bila hatari hiyo.

Kulivuta lori ili liwake nako kuna mipaka. Breki za upepo hazifunguki kabla tanki za upepo hazijajaa, gia za kiotomatiki nyingi haziruhusu, na usukani bila injini ni mzito. Kuunganisha betri kutoka lori jingine ni salama zaidi, volti zikiwa sawa na waya wa mwisho wa hasi ukifungwa kwenye chuma cha injini mbali na betri. Betri za volti 24 zisiunganishwe kamwe na gari dogo la volti 12.

Stata nayo ina kikomo. Isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, na ipewe dakika moja au mbili za kupoa kabla ya kurudia. Baada ya majaribio matatu au manne bila dalili ya kushika, kuendelea ni kuunguza stata na kumaliza betri. Dereva na fundi warudi kwenye maswali matatu ya mwanzo.

Maandalizi ya jioni na asubuhi

Kabla lori halijaelekea nyanda za juu, betri zipimwe, terminali zisafishwe, filta za dizeli na hewa zibadilishwe zikifikia muda wake, na oili iwe ya daraja linalopendekezwa na mtengenezaji. Gharama yake huko Dar es Salaam au Mbeya ni ndogo kuliko siku moja ya lori kukwama mpakani likiwa na mzigo.

Jioni kwenye foleni, umeme utumike kwa kiasi, swichi kuu ya betri izimwe pale ilipo, na tenki lisiachwe karibu tupu. Asubuhi maji yamwagwe kwenye filta, hita ingojwe, klachi ikanyagwe kwenye gia za mkono ili stata isizungushe giaboksi yenye oili nzito. Injini ikishawaka isipigwe resi. Turbo inahitaji oili ifike kwanza. Dakika chache za kuunguruma zinatosha kujaza upepo wa breki, kisha lori liondoke polepole. Kuliacha liungurume nusu saa likiwa limesimama hulowesha silinda kwa dizeli isiyoungua na kuchafua oili.

Dereva aandike kwenye daftari la safari kila asubuhi lori lilivyowaka: stata ilizunguka vipi, moshi ulikuwa wa rangi gani, ilichukua muda gani. Maelezo hayo, akimpa fundi, yanapunguza kazi ya kubahatisha. Lori linalochukua muda mrefu kidogo kuwaka kila wiki linatoa taarifa mapema, na mwenye lori anayeisikiliza taarifa hiyo mwezi Mei hatalala Tunduma mwezi Julai akisubiri vipuri.